Mwite Salum Nyumbani

Al Khoudh, Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Naitanguliza mbele ya yote, maana simu imetuzoesha vibaya, tunarukia habari na nusu ya heshima inabaki njiani. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Shangazi Mwanahawa unaitumia, au umeifungia kabatini pamoja na zile nyingine? Mimi ni mzima wa mwili. Joto limeanza kupanda, mchana hatutoki. Bi Zuwena, huyu bibi ninayemtunza, anashinda sebuleni na tasbihi yake, na kila siku ananiuliza kama Tanga mvua imenyesha. Nami kila siku namjibu kama mtu aliyetoka kwako asubuhi ileile.

Barua hii anakuletea Rukia wa pale Chumbageni, anakuja likizo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukikaribia kulia unasema mtandao mbaya, halafu unakata. Nataka unisikilize mpaka mwisho, maana habari yenyewe ni ya mdogo wangu Salum.

Nianzie Januari, timu yake ya mpira ilipokuja huku. Kwao Ulaya wakati wa theluji ligi husimama, na timu nyingine hutafuta nchi yenye jua za kufanyia mazoezi. Yao ikafikia kwenye hoteli kubwa ya Bustan. Salum aliponiambia nililia mpaka Bi Zuwena akadhani nimefiwa. Nilipomweleza akasema twende sote, na mwanawe Nassor akatupeleka kwa gari.

Mlinzi hakuturuhusu kuingia, tukasubiri nje. Mama, nilimpita kwa macho. Nilikuwa namtafuta yule kijana niliyemsindikiza stendi, mwembamba, suruali imemfupikia, na huku anakuja mwanamume mwenye mabega na ndevu zilizojaa. Mpaka aliposema "Dada Zaina" ndipo nilipomjua, kwa sauti. Alikuwa na ruhusa mpaka wakati wa chakula cha mchana tu. Unafikiri umeweka mengi moyoni ya kumwambia mtu, kumbe ukimpata unamshika tu mkono. Nilimpelekea vitumbua, akavila vyote ndani ya gari huku akisema daktari wa timu akijua atamkimbiza ufukwe mzima. Bi Zuwena akamwuliza huko anakokaa nani anampikia. Akacheka, akajibu kwamba anajipikia mwenyewe. Bi Zuwena hakucheka.

Wakati wa kuagana akaniambia jambo ambalo sikukusimulia. Alisema wenzake wazazi wao huja uwanjani, hukaa jukwaani na kuwapungia mikono. Yeye kabla mechi haijaanza huchagua mama mmoja wa watu, aliyejifunga mtandio kwa ajili ya baridi, akamfanya ndiye wewe. Aliyasema kwa mzaha.

Basi msimu ukaendelea, na msimu wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kwenye ligi ya kwao walikuwa wakifungwa na kila mtu, wako mkiani, watu wanasema watashuka daraja. Lakini kwenye mashindano ya Ulaya walikuwa wakipita tu, raundi baada ya raundi, wanazitoa timu ambazo hata wewe unazijua kwa majina. Wakafika robo fainali. Mechi ya kwanza, ugenini, sare. Ya marudiano, kwao, ndiyo ile uliyotoa televisheni ukaiweka barazani, ukaazima viti kwa Mama Pili na kualika mtaa mzima.

Sisi tuliitazama baada ya sala ya isha. Bi Zuwena alikuwa ameshajifunza kumtambua Salum kwa mwendo, na kila akiangushwa alimlaani aliyemwangusha kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Salum alicheza vizuri, Mama. Mshambuliaji wa wapinzani hakupita upande wake hata kidogo. Dakika zikaisha, za nyongeza nazo zikaisha, ikawa penalti, na zamu ya kuamua ikamwangukia yeye. Nilimwona akijishika sikio, vile alivyokuwa akifanya utotoni akiitwa na mwalimu, nikajua anaogopa. Mpira ukagonga mwamba. Akajifunika uso na jezi, akabaki pale peke yake, wapinzani wanapita mbio wakishangilia.

Kesho yake ulinipigia ukasema umeme ulikatika kabla ya penalti, hamkuona kitu. Niliitikia, lakini sikuamini, maana sauti yako ilikuwa ya mtu aliyetoka kuzika. Na yeye alipokupigia ukamwambia hivyohivyo. Nilijua unataka kumpunguzia uzito, na mimi pengine ningesema vilevile.

Baada ya hapo kwake mambo yalikuwa mazito. Mashabiki walimzomea kila akigusa mpira, kocha akamweka benchi. Simu zangu akawa anapokea kwa maneno mawili matatu, zako najua hazipokei kabisa. Ikafika mechi ya mwisho ya ligi. Walihitaji sare tu wasishuke. Beki mwenzake akaumia, Salum akaingizwa, na mwishoni kabisa, kipa akiwa ameshapitwa, akauzuia mpira kwa uso wake kwenye mstari wa goli. Alitoka na damu puani, lakini timu imebaki daraja lake. Walewale waliomzomea wakaliimba jina lake.

Nilidhani yamekwisha. Siku ya pili akanipigia, sauti nzito. Nikampongeza, akanikatiza.

"Dada," akasema, "Mama alinidanganya."

Nikamwuliza kuhusu nini. Kumbe binamu yetu Hatibu alikuwa akiwarekodi pale barazani, akitaka kumtumia furaha ya mtaa, na akamtumia video yote bila kuitazama. Salum amekuona. Amekuona ukisimama alipoweka mpira chini, akakuona ukijiziba mdomo kwa kanga, halafu ukaingia ndani bila kumuaga mtu.

"Umeme haukukatika," akasema. "Na bado akasema hakuona. Maana yake nimemtia aibu mbele ya watu aliowaalika. Nikija nitakaaje pale barazani?"

Nilimwambia sivyo. Akasema mimi ni dada yake, lazima niseme hivyo. Likizo yao imeanza na alikuwa amepanga kuja Tanga. Sasa anasema atabaki kulekule, afanye mazoezi peke yake.

Nilimweleza Bi Zuwena, maana aliniona siwezi kula. Akaweka tasbihi chini, akanisimulia siku alipoondoka Unguja, bado msichana. "Mamangu hakulia," akasema. "Alisimama mlangoni mkavu. Miaka na miaka nnajua kuwa hakuniona kitu. Alipokwisha kufa ndo nkaambiwa alianguka pale pale mlangoni, gari ilipokata kona. Alikuwa akinisitiri. Mwambie mamako asimsitiri mwanawe."

Kwa hiyo nakuomba, Mama. Usingoje akupigie. Mpigie wewe, na asipopokea mpigie tena. Mwambie uliona. Mwambie ulisimama kwa sababu miguu ilisimama yenyewe, na uliingia ndani kwa sababu ulikuwa unalia, kama nilivyolia mimi huku. Kama ulilia kwa sababu nyingine, mwambie hiyo, ila isiwe ya umeme. Halafu mwite aje. Akisikia kwa mdomo wako atapanda ndege, namjua. Mimi nikimwita naonekana namhurumia.

Mimi mwenyewe mwaka huu siji. Bi Zuwena hawezi tena kuinuka kitandani bila kushikwa, na hataki kushikwa na mwingine. Usiku nikilala huwa nasikia ufagio wako uani, nikifumbua macho ni kiyoyozi.

Nisalimie Baba Mkubwa fundi baiskeli, na Shangazi Mwanahawa, mwambie nimemletea udi kwa mkono wa Rukia. Msalimie Mjomba Athumani muadhini. Mama Pili umshukuru kwa viti. Na Hatibu umwambie sina hasira naye, alitaka heri. Bi Zuwena anakusalimu, anasema umzalie mwingine kama Salum, huyu hamtoshi.

Akifika, Mama, mkumbatie mara mbili. Ile ya pili usimwachie upesi, ni ya kwangu.

Mwanao,
Zaina