Kifundo cha Mkono wa Sara

Mpendwa Shangazi Lena wa redio, naomba unisaidie, maana hata mume wangu sijamwambia. Mimi naunga viungo vilivyoteguka kama mama yangu na bibi yangu, bei sina, mtu akiniachia soseji napokea, na kijiji chetu chote hapa jimbo la Chihuahua huja kwangu, sasa wiki mbili zilizopita Sara Friesen, binti wa jirani, miaka kumi na tisa, alipigwa teke na ng'ombe akikamua, nikashika kifundo cha mkono nikadhani kimeteguka, nikakivuta, nikakisugua mafuta, akalia sana nami nikamwambia, "Tulia mwanangu, wiki ijayo utakamua," kumbe kilikuwa kimevunjika, juzi nimefungua kitambaa nikaona mfupa umekaa upande, mama yake Katharina akauliza, "Ndivyo kinavyotakiwa kukaa hicho?" nikamjibu ni uvimbe tu. Nilidanganya, Shangazi. Baada ya wiki tatu ni siku yetu ya kupatana kabla ya Meza ya Bwana, nimeazimia nitaungama siku hiyo mbele ya wote, ila niseme vipi ili watu wasiniache?

Anna

Anna, pole. Bega langu lilirudishwa na mama yako, kwa hiyo kazi yenu siidharau. Kukosea mfupa si dhambi. Ule uvimbe uliomwambia Katharina ndio dhambi, na unaijua.

Lakini wiki tatu, mama? Umepanga siku ya kusafisha roho yako, ukasahau kuwa mfupa wa Sara haufuati kalenda ya kanisa. Kila siku unazidi kushika pale ulipokaa vibaya. Utaungama, utalia, tutakusamehe, maana kusamehe tunajua. Sara naye atakusamehe, na mkono wake hautakamua tena.

Majina nimeyabadilisha hewani, ila Katharina naye ana redio, na kisa hiki atakitambua. Basi zima redio yako uende kwake sasa hivi. Mwambie mbele ya binti yake, "Nilikosea, kimevunjika, nikakudanganya." Usilie. Ukilia wataanza kukubembeleza na siku itapita. Tafuteni gari leo hii, mpelekeni hospitali mjini, na umweleze daktari mwenyewe ulichofanya.

Kuhusu watu kukuacha, hilo waamue wao. Wewe rudi mapema kutoka mjini. Mpaka Sara apone, ng'ombe wa kina Friesen utawakamua wewe, asubuhi na jioni.