Jina Ulilotaja Ukiwa na Homa

Fundi wangu,

Mimi ni Onyango. Nina miaka themanini na mitatu na meno kumi na tisa, yote yangu. Nimezika wake wawili. Daktari aliyeniambia niache tumbako ametangulia yeye. Nimedumu kuliko meli za abiria za ziwani, kuliko baraza la mji lililotujengea hizi nyumba za Kaloleni, kuliko duka lako. Aliyebaki ni Odhiambo peke yake, na huyo unamjua, mbishi, hata kufa anakataa.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Shule niliacha darasa la tatu, na mistari yangu inaenda kombo kama shamba lililolimwa na ng'ombe wasiopatana. Mjukuu wangu Akinyi alitaka kuniandikia kwa simu. Nikamwambia mkono uliokata suti za wakubwa wote wa Kisumu hauwezi kushindwa na kalamu.

Duka lako sasa wanauza vifuniko vya simu. Watu wanavaa mitumba. Anayeshonesha suti siku hizi ni bwana harusi tu, naye anakuja na picha, anasema nataka kama hii, na ile ya kwenye picha imeshonwa vibaya. Cherehani yako iko kwangu, nimeifunika shuka. Makasi makubwa, ulipokufa, ulimwachia Odhiambo. Hilo sijasahau. Nilikuja kwako kujifunza kushona miaka miwili kabla yake. Nilikuwa nakata suruali bila chaki wakati yeye bado anashona vifungo upande wa wanawake.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya makasi. Nakuandikia kwa sababu ya mtoto.

Atieno, mjukuu wa Odhiambo anayekaa naye Manyatta, amejifungua mvulana. Mtoto akalia siku nne. Desturi yetu unaijua: mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anataka jina lake lirudi nyumbani, na watu watajaribu majina mpaka mtoto anyamaze. Odhiambo akatangaza ati ulimjia kwenye ndoto, ukavuta kiti, ukamwambia ampe mtoto jina. Basi wakamwita Yosefu, jina lako. Mimi habari ilinifikia kanisani, kutoka kwa mtu asiyehusika, kama vile mimi ni mgeni kwako.

Fundi, niliumia. Nikajiuliza ni kona gani ya Kaloleni umeisahau. Mimi nalala vizuri, mtu akitaka kuja aje, lakini ndoto zangu ni za ng'ombe tu.

Nikaenda Manyatta kwa miguu. Nikamkuta ameketi nje na mtoto analia ndani. Nikamwambia haiwezekani umruke mwanafunzi wa kwanza uende kwa wa pili. Akacheka.

"Alikuja kwangu, omera, ndugu yangu. Angetaka kwako, njia anaijua."

Nikamwambia ndoto zake zinatoka kwenye ugali. Akasema mimi nilikuwa mtu wa mkono wako, yeye alikuwa mtu wa moyo wako. Hapo nikawaka. Nikamwambia ni nani aliyekupima? Mashati yako yote miaka thelathini nilishona mimi, mikono mirefu, hata Februari jua likipasua mawe, kwa sababu mimi ndiye niliyeona ile namba ya wino wa buluu iliyochorwa kwenye ngozi ya mkono wako, na sikumwambia mtu. Nilipokuuliza ulivuta shati ukasema, "Onyango, shona." Nikashona. Na kule shuleni, tukienda kupima sare, mwalimu akiwapanga watoto mstari na kuanza kuwahesabu, wewe ulikuwa unatoka, unasimama barabarani mpaka nimalize mimi. Kwetu watoto hawahesabiwi, ni mkosi. Nikadhani umeshika mila yetu. Nilijisifu nayo mji mzima, ati mzungu wangu amekuwa Mjaluo.

Odhiambo akaacha kucheka. Kisha akaniambia yale ambayo hukuniambia mimi.

Kwamba ulikuwa mtoto wa Poland, mwana wa fundi cherehani. Kwamba watu wa Hitler waliwafungia Wayahudi wote wa mji wenu kwenye mitaa michache, wakaizungushia waya, na humo ndani ukashona sare za askari walewale waliowafungia, kwa supu ya maganda ya viazi. Baba yako njaa ilimmaliza humo. Halafu wakawapakia kwenye mabehewa ya ng'ombe, wewe na mama yako na mdogo wako wa miaka kumi na moja, mpaka kambini. Getini mfungwa mmoja akakunong'oneza useme una miaka kumi na minane na ni fundi. Ulikuwa na kumi na tano. Mdogo wako alikuwa amekushika mkono. Ukafikiri wanawake na watoto watapewa kazi nyepesi, ukamwambia aende na mama. Akakataa. Ukamsukuma kidogo. Mstari wao ulienda moja kwa moja kuuawa.

Wewe wakakuchora namba. Wakawa wanawahesabu asubuhi na jioni, mmesimama kwenye baridi, hata aliyekufa analetwa alazwe kwenye mstari ili hesabu itimie. Kambi tatu. Ukatoka una miaka kumi na sita na uzito wa mbuzi. Mjomba wako aliyekuwa Nairobi ndiye aliyekuvuta Kenya.

Hayo ulimwambia Odhiambo wiki ile mdogo wake Ochieng alipozama ziwani. Ni Odhiambo aliyempandisha mashua, mtoto hataki, akamwambia nenda. Odhiambo alikuwa ameacha kula. Ukafunga duka mchana, mkakaa ndani nyinyi wawili. Mimi ulinituma sokoni kununua uzi, na uzi ulikuwepo.

Sitakuficha, nilishikwa na wivu. Mtu anaambiwa habari za kifo namna hiyo, na mimi tumbo langu linauliza, kwa nini yeye? Kumbe ilibidi nizike ndugu ndipo niambiwe? Mama alinizaa peke yangu. Sikuwa na ndugu wa kuzika.

Kisha Odhiambo akasema, "Jina la huyo mdogo hakunitajia. Alisema hajaweza kulitamka tangu siku ile."

Fundi, mimi ndipo nikakumbuka.

Unakumbuka ile malaria yako, Odhiambo alipokuwa ameenda kwao Kisian kuvuna? Siku tatu nilikukanda kwa maji baridi. Ukanishika hapa kwenye kifundo cha mkono, ukawa unasema maneno ya kwenu, sikuelewa hata moja ila hili: Mendel. Mendel, Mendel, na huniachi. Ulipopona nikakuuliza Mendel ni nani. Ukasema, hakuna mtu.

Basi mimi nikajua. Nikajua ni mwanafunzi wako mwingine, mzungu, yuko Nairobi, anashona kunishinda. Kila ulipopanda gari la Nairobi nilijua unaenda kwake. Ulipofumua kola niliyoshona nilijua unaipima na kola ya Mendel. Nimemchukia huyo mtu miaka sitini. Nimemtukana nikioga, nimemtukana nikipiga pasi. Mtoto wa miaka kumi na moja, Fundi.

Nikaondoka Manyatta bila kulitaja jina. Sasa ujue na ubaya wangu. Nilikuwa na kitu ambacho Odhiambo hana, na siku mbili nilikaa nacho mdomoni kama peremende. Habari zinakuja: jina la Yosefu halijamtuliza mtoto, sauti imekauka, Atieno naye analia. Pasta amewaambia waache mambo ya mizimu, waende kliniki. Wameenda, nesi ameona mtoto ni mzima. Mimi nasema moyoni, haya, Odhiambo na aote tena.

Siku ya tatu Akinyi aliniletea uji. Nikakishika kikombe, nikafikiri, kuna mtoto analia mahali na mimi ninajua anachotaka, nimekaa. Uji ukanikataa. Nikachukua fimbo, nikarudi Manyatta.

Odhiambo aliniuliza kama nimerudi kubishana. Nikamwambia alete mtoto. Atieno akasimama mlangoni akiogopa mikono yangu ya uzee, lakini akanipa. Nikainama sikioni kwake nikasema, "Mendel." Nikasema tena kwa sauti, wote wasikie.

Odhiambo hakuuliza Mendel ni nani. Alielewa, akasema, "Kumbe alikuambia wewe."

Nikauona usoni mwake, Fundi. Ule ule wangu, wivu, mzee mzima na mvi zake. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitaka nimwache nao mpaka kaburini. Lakini mtoto alikuwa mikononi mwangu na uongo ungeanzia hapo. Nikamwambia ukweli, kwamba hukuniambia, ilikuwa ni homa, na mkono ulioushika hukujua ni wangu.

Akakaa. Akasema, "Lakini wewe hukuuondoa mkono wako."

Hayo ni maneno yake, mimi sikuongeza.

Mtoto alinyamaza. Atieno anasema ni maziwa. Pasta anasema ni maombi. Mimi nasema ni mimi. Majirani wanamwita Mendele, maana Kiswahili kinataka irabu mwishoni, utavumilia.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Mtoto analala nyumbani kwa Odhiambo, hajalala kwangu. Lakini tumeapa, yeye na mimi: habari yako hakuna wa kuisimulia bila mwenzake kuwepo. Mtoto akifika miaka kumi na moja tutamketisha. Odhiambo atasema ya getini, mimi nitasema ya homa. Nitakuwa na tisini na nne, na nitakuwepo, nakuahidi. Odhiambo naye itabidi aishi, maana sitaki kusema peke yangu.

Kaa vizuri huko, Fundi. Ukimwona mdogo wako, mwambie kuna mzee Kisumu anamwomba radhi kwa yote aliyomwita.

Na atakayebisha maandishi haya, amuulize Atieno, alikuwa mlangoni. Zaidi ya hapo waliokujua wamekwisha. Amebaki mmoja tu wa kusema kwamba Onyango hujisifu lakini hadanganyi, na imeniuma kuliandika jina lake mahali hapa: Odhiambo wa Manyatta. Muulizeni yeye.