Chupa ya Tantine Amisa

Berna, uko?

Natoka hopitali. Nilienda kuuliza jibu ya Tantine Amisa, shangazi yetu, ile kipande ya nyama walimukata kwenye titi mwezi wa pili, eti inaenda kupimwa Kinshasa.

Haikutoka hapa Kindu! Berna, HAIKUTOKA. Chupa iko ndani ya kabati ya labo, jina yake juu, vumbi juu ya jina. Dawa ya kuilinda isioze imekauka, nyama imenata chini.

Papa Zéphirin wa labo ananiangalia bila haya: «Tulikuwa tunangojea mutu wenu mwenye kupanda ndege aibebe. Hamukuleta mutu.»

Hamukuleta mutu! Nani alituambia? Sisi tunangojea jibu, wao wanangojea mutu. Miezi saba!

Na ule bibi ya mukubwa mumoja wa serikali, walikaa na Tantine kwenye benchi moja, wakakatwa siku moja. Chupa yake ilipanda ndege juma ileile, ndani ya valizi ya nguo ya kaka yake. Mwezi wa ine alikuwa ameisha kupasuliwa.

Wakati wa vita mama ya Tantine alikufa na ugonjwa huohuo wa titi. Tukasema ni vita, ndege hakuna. Leo ndege zinapita juu ya nyumba yetu.

Nimefika nyumbani. Tantine hata haniulizi. Anasemaka kila siku: «Kama ingekuwa mubaya wangeisha kuniita. Kunyamaza kwao njo jibu.»

Anatwanga sombe, majani ya muhogo, anaimba. Anatwanga na mukono moja, Berna. Ule wa kushoto, upande wa titi yenye walikata, umevimba, vidole havikunjiki tena.