Mtani Wangu, Ukija Sikonge

Sikonge, mwezi wa saba

Kwa Fikiri, Mzaramo usiye na haya, uliyeko Kisarawe.

Nina miaka themanini na tatu. Nimeishi kuliko genge letu zima la reli pale Tura, nikikutoa wewe. Nimeishi kuliko ng'ombe wangu wote na kuliko madaktari wawili walioniambia niache ugoro. Ugoro bado nanusa. Ukiona mwandiko unayumba si uzee, ni kalamu. Mwangaluka. Hujambo? Wajukuu hawajambo? Na goti lako lile linalotabiri mvua kwa uongo linaendeleaje? Mimi natembea, natafuna, namshukuru Mungu.

Uliniuliza kwa simu ukija huku na wajukuu watakula nini na watatembea wapi. Umeuliza penyewe, maana Sikonge nzima hakuna anayeujua msitu huu kunizidi, hata wenye ramani huja kwangu. Na ushauri wako wa kwenu nimeusikia, kwamba nikija nipande vilima vya Pugu asubuhi, nile mhogo wa nazi na korosho za kuchoma. Kula nitakula. Kupanda sitapanda, vile ni vichuguu tu.

Sasa sikiliza. Ukishuka Tabora usiharakishwe na vijana wa stendi, kunywa uji kwanza. Njiani wafunge watoto vitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Nguo za bluu na nyeusi waziache kwenu, mbung'o wa msituni wanazipenda rangi hizo kuliko damu ya Mzaramo, ambayo nadhani ni maji ya madafu. Nitawapeleka kwenye mizinga yangu ya magome, halafu kwenye njia ya zamani waliyopita wapagazi kwenda pwani. Imebaki kijia cha baiskeli, lakini miguu yangu inaijua. Najua utasimama hapo uwaambie kwamba babu yangu alifika kwenu na pembe begani, babu yako akamuuzia maji ya chumvi. Waambie. Na mimi nitawaambia alivyoyanywa akaondoka bila kulipa.

Chakula ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani. Usiyatafune kama mtu mwenye meno. Yaweke shavuni yalainike, kisha fuatisha kipande cha sega la asali. Jioni ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde makavu, yakapikwa na karanga. Atapika binti yangu Flavia. Namfundisha mwenyewe. Kupika sijui, lakini nimekula miaka mingi, kwa hiyo najua. Karanga anazitia mapema mno.

Utauliza kwa nini apike Flavia.

Fikiri, asubuhi ile uliyopiga simu nikakuambia Levina yuko shambani, mke wangu hakuwa shambani. Alikuwa chumbani, jirani yetu Imakulata anamwosha. Homa ilimlaza siku chache tu. Alfajiri aliomba maji, na nilipoleta kikombe hakuwa na haja nacho tena. Simu ilipolia nikadhani umepata habari. Kumbe unauliza chakula, na kabla sijafungua kinywa ukaanza, nimwambie mwanamke yule asikupikie mlenda wake unaovutika toka Tura hadi Tabora, na aache kutembea kama bata aliyemeza jiwe, atawatisha wajukuu zako. Nikacheka. Waombolezaji wamejaa uani, wananitazama nacheka. Ndipo nikashindwa kukuambia.

Mchana, makaburini, akainuka Najiat, mwalimu wa shule ya hapa, Mzaramo wa kwenu. Alitaka kufanya kazi ya mtani kama inavyopasa. Akajifunga kitenge cha Levina, akatembea mwendo wake, akaketi ukingoni mwa kaburi akisema mwenye nyumba hii amegoma kuingia, jiko lake halijakaguliwa. Nikamvua kile kitenge kwa mkono wangu. Nikasema marehemu ana mtani mmoja tu, na ameshamtania asubuhi. Wazee wakanisihi, nikakataa, si unanijua. Basi tukazika kimya, kama watu wanaopanga magunia ya tumbaku ghalani. Hakuna aliyecheka, na kwa kuwa hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia moyo ukatua. Watoto wangu walirudi nyumbani na koo kavu. Wazee wanasema matanga hayajaondoka. Niliwabishia. Sasa naona wamesema kweli, maana toka siku ile chozi halijanitoka, hata moja, na kifua kimejaa kama mzinga usiovunwa.

Kwa hiyo usije kutembea tu. Njoo ukiwa unajua. Kitenge nimekikunja, sijaruhusu kifuliwe. Kivae, utembee kama bata kutoka mlangoni kwangu mpaka kaburini kwake, ulale pale juu ukatae kuondoka, utukane mlenda wake watu wote wasikie. Mimi nitakuwa nimekaa kando na kigoda changu. Ukiona nimeanza kulia, usininyamazishe, endelea kutukana.

Wasalimu wajukuu na mama yao. Flavia anakusalimu, na karanga zake.

Najua tulivyozoeana utasema Mnyamwezi huyu ananichezea. Basi muulize Imakulata aliyemwosha. Muulize mwinjilisti Amon aliyeomba juu ya kaburi. Na muulize Najiat, ambaye mpaka leo haniamkii.

Ni mimi mtani wako,
Raymundi Ngollo