Chapati ya Chokaa

Mama Atieno, hujambo mke wangu?

Homa Bay jua ni kali, hata mbuzi wamehamia kanisani. Jana sista mgeni kutoka Meksiko alitupikia chapati ya kwao. Mahindi aliyachemsha na chokaa, kama ile tunapaka nyumba! Wazee wenzangu wakakunja mikono, sista akabaki ameshika sahani, macho yamejaa maji. Nikamwambia, "Leta kwangu, sista. Hawa vijana wenye mvi wabaki wanichimbie kaburi." Nikafunga samaki ngege na pilipili ndani, nikauma. Aisee, tamu! Nilipoomba ya tatu ndipo wakaanza kunisukuma wapate na wao, na sista akacheka.

Leo nimeamka mzima, tumbo limetulia. Kwa hivyo mwambie ndugu yangu Ouma asikurithi bado.

Nakukumbuka sana,
Mzee wako