Nyeusi Haitaki Friji

Ndalu,
9 Septemba 2024

Nasike binti yangu,

Uko mzima? Koo lako lilipona? Huku tuko salama, ng'ombe amezaa ndume, na mguu wangu wa kushoto bado unajua mvua kabla ya redio.

Nimempa Kimeli wa maziwa wimbi yako, debe mbili, ile nyekundu ya shamba la chini. Nimeipepeta mwenyewe. Usimpe mtu mwingine akukaangie, ataiunguza.

Sasa sikiza. Wacha kunipigia simu, niandikie. Simu haina ushahidi. Ukinipigia nasikia peke yangu, halafu nikifika kwa wamama wa Jumanne kanisani nikisema mtoto wangu ndiye fundi wa bia huko Kitale, Rispah anakohoa. Unajua kile kikohozi chake, cha "Wilkista ameanza." Lakini barua naiweka kwa meza. Nani atakohoa mbele ya barua?

Walishtuka kidogo kusikia bia, sikufichi. Mmoja akauliza, "Kwani ni busaa?" Nikamwambia busaa nilipika mimi, mpaka 1998 nikaokoka nikaweka chungu chini, na tangu siku hiyo ulimi wangu haujaonja. Huyu wangu alienda chuo. Ana leseni ya serikali kwa fremu, na matangi yake yanang'aa kama ya hospitali.

Mimi sionji. Lakini pua yangu haikuokoka, bado inajua kazi. Kwa hivyo nieleze vizuri unapika nini, na watu wanaikula na nini. Pombe bila chakula ni ugomvi unangoja.

Ni mimi mama yako,
Wilkista


Kitale,
17 Septemba 2024

Mayi wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mguu wako na kwa huyo ndume. Koo limepona, ni vumbi ya kimea tu. Wimbi ilifika. Nimeikaanga kwa bati kama ulivyonifundisha, nikiigeuza bila kusimama, mpaka Kabiru, huyu mwenzangu wa kazi, akatoka ofisini kuuliza nani anachoma mkate.

Umeuliza tunapika nini. Tunapika kidogo kidogo, tangi moja kwa wakati, na kila bia ina tabia yake. Ya ngano ni nyepesi, ina ukungu, na inanukia ndizi mbivu ingawa hatujatia ndizi hata moja. Ni hamira inafanya hivyo. Hiyo napeleka na tilapia na ndimu. Halafu iko chungu, uchungu wa maua ya hopsi, mkali kama wa mboga ya saga kabla hujaitia maziwa. Hiyo inataka mbuzi choma mwenye mafuta na pilipili, kwa sababu inakata mafuta kinywani na mtu anatamani kipande kingine. Ya pasheni ni chachu, inakwenda na bajia zikiwa moto.

Na ya nne ni nyeusi. Hiyo ni wimbi yako, mayi. Ukiinusa utasema kuna kahawa, na hakuna kahawa. Vitabu vinasema bia nyeusi ni ya keki ya chokoleti, kwa hivyo nitaileta mwisho na keki.

Kuna habari kubwa. Mama Waithera, mwenye hoteli hapa mjini, ametupatia kazi ya chakula cha mchana, Jumamosi tarehe 30 Novemba. Wageni thelathini, sahani nne, bia nne. Akiridhika, bia zetu zinaingia kwa menyu yake na kukaa. Lakini ana sheria yake. Aliniambia, "Nasike, mgeni atakwambia ni tamu kwa adabu tu. Mimi nasoma glasi ikirudi jikoni." Bia itakayorudi ndani ya glasi, hiyo haingii.

Binti yako,
Nasike


Ndalu,
24 Septemba 2024

Nasike wangu,

Natumai umeamka vizuri na umekula. Mimi nimeamka na furaha mpaka kuku wameona.

Barua nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa wamama, ya pili kwa wale walichelewa. Hapo kwa hamira kunukia ndizi, hata mke wa pasta alisema, "Ajabu ya Mungu." Rispah hakukohoa. Aliuliza tu, "Na nani anakula keki na bia?" Nikamwambia wale wamesoma. Lakini kwa moyo wangu, mwanangu, nilijiuliza hivyo hivyo. Wimbi na keki wamekutana wapi? Basi, wewe ndiye ulienda chuo.

Nimewaambia watu wote wimbi ni yangu. Kutoka hapa mpaka Kiminini wanajua. Yule wa posho mill sasa ananiita Mama Nyeusi.

Mamako anayejivunia,
Wilkista


Ndalu,
29 Oktoba 2024

Nasike,

Uko hai? Wiki tano, bana. Kimeli anarudi na mikebe mitupu na mkono mtupu. Nikimuuliza anasema ulimpungia mkono. Nitasoma mkono kwa wamama?

Jumanne iliyopita Rispah alikohoa.

Kama ni ugonjwa, sema. Kama ni mwanamume, sema pia, nitakasirika baadaye.

Mama yako


Kitale,
2 Novemba 2024

Mayi mpendwa,

Nisamehe. Mimi ni mzima, si ugonjwa wala mwanamume. Kazi imekuwa nyingi. Nakutumia chupa nane, mbili za kila aina, uwaonyeshe wamama, na babu yetu, kuka Wepukhulu, aonje kwa niaba ya ukoo. Wasalimie wote.

Binti yako,
Nasike

Mayi, karatasi hii ndogo ni yako peke yako. Usiisome Jumanne.

Tulifanya jaribio mwezi uliopita, wageni kumi na wawili wa mama Waithera. Ngano iliisha, chungu iliisha, pasheni waliongeza. Nyeusi ilirudi. Glasi kumi na mbili, zote zimebaki na nusu. Na keki nzima ililiwa! Nilisimama jikoni nikazitazama zikiingia moja moja kama watoto wamefukuzwa shule. Mama Waithera hakuwa mbaya. Alisema tu, "Tatu zinatosha. Hii nyeusi itoe."

Kabiru anasema tuitoe. Ana haki. Lakini ile ndiyo bia pekee ambayo ni yangu. Hizo zingine mtu yeyote mwenye kitabu anaweza kupika. Sijakuandikia kwa sababu ulishawaambia mpaka watu wa Kiminini, na sikujua nitakuandikia nini ambacho unaweza kusoma kwa meza.

N.


Ndalu,
10 Novemba 2024

Nasike binti yangu,

Pole. Pole tena. Umekula leo? Kwanza kula, halafu endelea kusoma.

Karatasi ndogo sikusomea mtu. Niliifunga ndani ya kitambaa cha kichwa, imekaa huko hata sasa. Mtu akinisifu kwa kilemba, najua anasifu siri yako.

Sasa nikwambie ya Ijumaa. Nilimwita mzee Wepukhulu na wenzake wawili. Alikuja na lusekhe lake begani, ule mrija mrefu, akauliza, "Chungu kiko wapi?" Nikamwonyesha chupa. Akacheka mpaka akaketi. "Wilkista, hii ni ya kunyonyesha mtoto?" Akaishika, akairudisha mezani. "Na ni baridi. Unataka kuniua meno? Mimi nakunywa moto."

Si unajua busaa tunaongeza maji moto. Na hata hapo sokoni, mtu akiketi baa anaulizwa kwanza, baridi ama moto? Basi nikaona ni adabu. Nikatia chupa zote kwa sufuria ya maji moto, kama mayai.

Usinipigie kelele. Najua sasa. Ya ngano nilipoifungua ilipanda mpaka kwa kalenda ya kanisa, Novemba yote ikalowa. Ya chungu ilikuwa dawa ya minyoo, mzee mwenyewe alisema. Ya pasheni waliniachia kwa heshima. Nikajisemea, Wilkista, umeharibu kazi ya mtoto.

Ikafika zamu ya nyeusi. Maji yalikuwa yamepoa, chupa haikuwa moto wala baridi, ni kama mkono wa mtu. Nilipofungua, Nasike, nilikaa chini. Nyumba ilinukia bati la mama yangu, siku anakaanga kimea. Uliniambia inanukia kahawa. Si kahawa, ni sisi.

Sikuwa na keki. Nilikuwa na nyama ya moshi, ile inakaa juu ya jiko wiki nzima, nimeipika na njugu iliyosagwa. Na ugali wa wimbi, na ukoko wake. Nikawapakulia.

Wewe unamjua Wepukhulu. Huyo anaongea hata ndani ya maombi. Alikunywa kidogo, akala nyama, akanywa tena. Akanyamaza. Wenzake wakamtazama. Akavunja ukoko, akapangusa nao mchuzi, akamaliza, akageuza glasi ione dari. Hakusema neno mpaka nikadhani ni moyo. Halafu akauliza, "Iko ingine?"

Nilikuwa naangalia sahani, mwanangu. Huyo mama wako wa hoteli anasoma glasi, mimi nasoma sahani. Nyeusi yako ilikuwa na makosa mawili tu. Uliifungia kwa friji ikashindwa kupumua, halafu ukaiketisha na keki. Utamu ukikaa karibu na kitu cha kuungua, kile cha kuungua kinaonekana kibaya. Ipe ndugu yake, kitu cha moshi.

Mwambie mama Waithera nyeusi haitaki friji. Mwambie ni mamako amesema, na nimepika miaka kumi na tisa.

Ni mimi,
Mama yako


Kitale,
17 Novemba 2024

Mayi,

Sijui nianze na salamu ama na kicheko. Salamu kwanza: hujambo, na kalenda haijambo?

Bia haipikwi mara ya pili, mayi! Kabiru alisoma hapo kwa sufuria akashika kichwa. Lakini jana tulitoa nyeusi kwa friji, tukaiacha mezani robo tatu ya saa. Si vuguvugu kama yako, ni ubaridi wa chungu kilichokaa kivulini. Tukanunua nyama ya moshi, nikapika njugu vile nakumbuka. Kabiru alikula bila kuongea. Nilijua hapo hapo.

Nikampelekea mama Waithera. Alikunywa, akatazama dirishani. Akasema, "Mara moja. Ikirudi kwa glasi, usinirudie tena na hii." Nikamwambia nyama yangu haijafika vile mamangu anapika. Akauliza, "Si huyo mamako ana miguu?"

Kuna mguu mmoja wa mvua, najua. Njoo na ule mwingine. Njoo na nyama.

Binti yako,
Nasike


Ndalu,
4 Desemba 2024

Nasike binti yangu,

Ulifika nyumbani salama siku ile? Umelala ukapumzika? Mimi nilifika, na begi la maandazi ya hoteli mama Waithera alinifungia.

Najua ulikuwepo na uliona yote kwa macho yako. Lakini nakuandikia hivyo hivyo. Isome, halafu uirudishe na Kimeli kabla ya Jumanne. Nikiwaambia kwa mdomo, Rispah atakohoa.

Andika kwa kichwa chako kwamba Jumamosi tarehe 30 Novemba, mimi Wilkista wa Ndalu nilivaa aproni nyeupe kwa jikoni ya hoteli kubwa, na mpishi mwenye kofia ndefu aliniita "shefu mama." Nilipika nyama ya moshi ya watu thelathini. Ukoko niliubandua mwenyewe, mpishi alitaka kuutupa, nikamshika mkono.

Ya kwanza ilienda na samaki, glasi zikarudi tupu. Ya chungu na mbuzi, tupu. Ya pasheni na bajia, tupu. Ilipofika nyeusi wewe ulitoka nje ukasema unaenda kuangalia jenereta. Na stima ilikuwako! Nilikuona kupitia dirisha, umesimama karibu na maua, umefunga macho. Kabiru alisimama mezani kwa wageni akawaambia wimbi ni ya Ndalu, na wengine wakageuka kutazama mlango wa jikoni. Nikawapungia mwiko.

Chumba kilinyamaza. Wewe hukusikia, ulikuwa kwa maua. Watu thelathini wanyamaze mchana, mbele ya chakula! Nilijua huo unyamavu. Ni wa Wepukhulu.

Halafu trei zikarudi, na mama Waithera akaja akapita katikati ya glasi kama mwalimu anasahihisha. Glasi thelathini, zote tupu. Akakuita. Akasema, "Nne. Na hii nyeusi iandikwe kwanza." Ulinikumbatia na mikono yenye sabuni, aproni ikalowa, na sijaifua mpaka leo.

Ndiyo hiyo. Mke wa pasta anauliza kama wamama wa Jumanne wanaweza kuja Januari kula nyama tu. Nimesema nitamuuliza mwenyewe wa bia.

Mamako anayejivunia kupita mlima,
Wilkista


Nasike, hii ndogo usiirudishe. Ifunge kwa kitambaa chako.

Hazikuwa thelathini tupu. Zilikuwa ishirini na tisa. Moja ilirudi na kama vidole viwili vya bia chini, sijui ni ya nani, labda mtu aliitwa simu. Ilikuwa kwa trei ya mwisho, mbele yangu. Nilisikia viatu vya mama Waithera vinakuja, ko, ko, ko. Ningeweza kuimwaga, sinki ilikuwa karibu kuliko mdomo.

Sikuimwaga. Ilikuwa wimbi yangu na mkono wako.

Miaka ishirini na sita bila kuonja, mwanangu. Nilifunga macho kama wewe pale kwa maua. Ilikuwa nzuri. Niliona mama yangu ameinama juu ya bati, na wewe uko mgongoni kwangu, mdogo, unapiga chafya kwa ule moshi.

Nilipolala nilimweleza Mungu yote, sikupunguza hata kidole kimoja. Nikangoja.

Amenyamaza. Kama Wepukhulu na ule ukoko.

Mayi wako