Mama Alikataa Maji ya Ukweni

Mama Ursule, nisaidie kabla ya Jumapili, maana mpenzi wangu Benie hapokei tena simu yangu na usingizi umenihama. Tulienda kwao, kwa wavuvi wa karibu na maporomoko, mimi, mjomba wangu tonton Wenceslas na mama, kujitambulisha kwa wazazi wake, na unajua mgeni kwanza hupewa maji, basi yakaletwa katika vikombe vizuri vya wageni, tonton akanywa, mama akakirudisha chake mezani na kutoa chupa yake mkobani, kwa sababu mwaka jana kipindupindu kilimchukua mdogo wake Benie, na mama husema ile familia iko na magonjwa mu damu, na mimi nikabaki natazama viatu vyangu. Papa Félicien, baba yake Benie, hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu: “Mutoto mwenye munatafuta alikomala na maji hii hii.” Bon, basi, tumeambiwa turudi Jumapili na msimamo wetu. Mama anataka nitafute msichana mwingine. Nampenda Benie, lakini mama ni mama. Nifanye nini?

Landry

Landry mwanangu, pole, lakini mama yako alikataa maji tu. Wewe uliyekaa kimya ulimkataa Benie.

Mama haogopi bure, kipindupindu kinaua. Ila hakikai katika damu ya mtu, kinakaa majini. Kwenu mna bomba uani. Kwao bomba halijafika, wanachota mtoni, na mvua ikinyesha mitaro ya mitaa yetu ya juu inawashushia uchafu wa vyoo vyetu. Mwambie hivyo taratibu, akiwa ameketi.

Kesho nenda kwa Papa Félicien ukaombe radhi. Kwa miguu yako, si kwa simu. Jumapili nendeni na gunia la makaa, maana kuchemsha maji kila siku kunahitaji moto, na mama akae jikoni na mama yake Benie mpaka maji yatokote. Yakipoa, kunywa wewe kwanza. Kisha wewe na wakwe zako nendeni pamoja kwa mkuu wa mtaa kudai bomba, na msichoke kurudi.

Mama akigoma, usibishane naye. Muulize tu: wajukuu wake wakienda kumsalimu bibi yao wa kule chini, watakunywa nini?